Saa Tatu ya Nani?

Mtu akikwambia unatafutwa na sheria, kitu cha kwanza unachofanya ni kuchungulia dirishani. Verlene Maggard alichungulia. Nje hakukuwa na gari la sherifu wala mbwa wa polisi. Kulikuwa na kuku wake, ghala kuukuu la kukaushia tumbaku, na pikapu yake aliyoiosha juzi. Akairudisha simu sikioni.

"Hebu rudia, Bi Prewitt. Anatafutwa nani?"

"Wewe, Bi Verlene. Nimeingiza jina lako kwenye kompyuta, na kompyuta inasema una hati ya kukamatwa. Imetoka Kaunti ya Marrow. Hakimu mwenyewe ndiye aliyeitoa."

"Kwa kosa gani?"

"Haisemi. Inasema tu ipo."

Bi Prewitt alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii, mwanamke wa sauti laini ambaye hata habari mbaya aliitoa kana kwamba anakukaribisha chai. Yeye ndiye aliyeshika faili la Callie, mjukuu wa Verlene, mtoto wa miaka sita ambaye mama yake alikuwa kwenye matibabu ya kuacha dawa za kulevya. Tangu majira ya baridi Callie alikuwa akiishi kwa walezi wa muda ng'ambo ya mto, upande wa Marrow. Walikuwa watu wema, lakini hawakuwa watu wake. Verlene alikuwa amefaulu kila jaribio walilompa. Walikuja wakapima vyumba, wakafungua friji, wakauliza kama bunduki ya marehemu mumewe imefungiwa. Kilichobaki kilikuwa jina lake tu lionekane safi. Jina la mwanamke aliyewahi kurudi dukani kwa miguu kurudisha limau aliloongezewa kimakosa!

"Alhamisi asubuhi namleta Callie hapa ofisini kwetu Teague, na saa tano nakungoja," alisema Bi Prewitt. "Ukija na karatasi ya mahakama yenye muhuri, kwamba hati imefutwa, unaondoka naye. Usipokuja nayo sina la kufanya. Kuna familia Louisville imekubali kumlea, na wanakuja kumchukua saa hiyohiyo. Akishafika kule, kumrudisha ni kesi mpya."

"Leo ni Jumatatu."

"Najua, mama. Ndiyo maana nimekupigia asubuhi."

Verlene akampigia sherifu wa Marrow. Aliyepokea alikuwa kijana aliyekuwa akitafuna kitu.

"Habari za hati hatutoi kwa simu," alisema.

"Basi nikija mtaniambia?"

"Ukija tutakukamata, mama. Hati si ndiyo kazi yake."

"Kwa hiyo ili nijue kosa langu, nikamatwe kwanza?"

"Mimi sijasema hivyo."

"Umesema hivyohivyo!"

"Mpigie karani wa mahakama," alisema yule kijana, akaendelea kutafuna.

Akampigia karani. Ilikuwa saa tano asubuhi, na sauti ya mashine ikamwambia kwamba ofisi imefungwa kwa chakula cha mchana. Nani anakula mchana saa tano? Akasubiri, akafua, akafagia pasipo na uchafu. Alipopiga tena jioni jioni, jua likiwa bado juu ya kilima, mashine ikamwambia ofisi imefungwa hadi kesho. Ndipo alipokumbuka, akajipiga kofi la paja. Marrow ni saa ya mbio.

Hilo ni jambo ambalo watu wa pande zile za Kentucky hawafundishwi, wanazaliwa nalo. Mstari wa saa unapita pale kwenye mto. Ng'ambo, Marrow, wako kwenye saa ya mbio. Huku, Teague, wako kwenye saa ya polepole, saa nzima nyuma. Ukialikwa harusi unaambiwa saa nane ya mbio, saa saba ya polepole. Hata tangazo la msiba husema. Mtu asiyesema huulizwa papo hapo: yako au yangu? Isiyosema kabisa ni serikali, na kuiuliza serikali hakuna anayethubutu.

Jumanne hakuthubutu kuendesha gari, maana polisi yeyote wa barabarani akilisimamisha angemtia pingu. Kaka yake Delmar akampeleka. Delmar ni mzee mnene, mkulima aliyestaafu, na sijapata kumwona akiharakia kitu chochote isipokuwa chakula. Njia nzima ya saa moja alikuwa anajifurahisha.

"Maisha yangu yote nilikuwa najiuliza jambazi anafananaje," alisema. "Kumbe ana nywele za mvi na pochi ya kusuka."

"Delmar, nyamaza."

"Inama basi, inama! Kituo cha polisi kile. Nikiulizwa nitasema nimebeba viazi."

"Nikifungwa mimi, nani atakupikia Jumapili?"

Hapo Delmar aliacha kutania, maana swali lilikuwa zito.

Karani wa mahakama ya Marrow aliitwa Nadine Coffey, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba. Verlene alimtajia jina lake kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia choo ugenini. Nadine akabofya, akasoma.

"Kutofika mahakamani. Mwezi wa Aprili. Taa ya breki."

"Taa ya breki!" Watu waliokuwa kwenye foleni waligeuka. "Yaani mjukuu wangu anapelekwa Louisville kwa sababu ya balbu?"

"Si balbu, mama. Balbu ingekwisha siku ileile. Ni kutofika. Uliitwa, ukaitwa tena, hukuwepo. Mtu asipofika, hakimu anatoa hati pale pale kitini."

"Nilifika! Niliingia kwa mlango ule pale saa tatu kamili, risiti ya balbu mkononi. Nikakuta ukumbi mtupu. Askari wenu wa mahakama, lile jitu lenye masharubu, akaniambia, 'Zimeisha zote, mama, nenda zako nyumbani.' Nikamshukuru. Nikaenda zangu nyumbani!"

Hakusema kwamba njiani alisimama mgahawani akala pai ya chokoleti kujipongeza. Sasa ile pai ilikuwa inamchoma roho.

Nadine alivua miwani, ikabaki inaning'inia kifuani. "Unatoka wapi, mama?"

"Teague."

"Saa tatu ya nani?"

Verlene alipiga hesabu kwa vidole. Uso ukamwaka moto. Yeye, mzaliwa wa ukingo wa mto, ambaye hata mchungaji akitangaza ibada humkatiza kuuliza ya mbio au ya polepole! Alipofika yeye saa tatu, hapa ilikuwa saa nne. Walikuwa wamekwisha kumwita, kumkosa na kumwandikia kukamatwa wakati yeye bado yuko barabarani anaimba na redio.

Lakini aibu haikudumu, hasira iliisukuma pembeni.

"Sikiliza, dada. Askari wenu wa barabarani alinifuata kwa ajili ya ile taa mpaka akavuka daraja. Karatasi ya wito aliniandikia kwenye uwanja wa kanisa la Wabaptisti, upande wetu. Karatasi imeandikwa kwenye ardhi ya saa ya polepole, inasema saa tatu, mimi nisome saa tatu ya wapi?"

"Hapa tuna saa moja tu, mama. Ndiyo maana hatuiandiki."

"Na ile 'zimeisha zote'?"

"Zilikuwa zimeisha. Kwa siku ile."

Verlene alishika ukingo wa dirisha la vioo. Alitamani kulia, na alitamani kupiga kitu, na vyote viwili havikuruhusiwa mle ndani. "Basi nifutie," alisema. "Risiti ya balbu bado ninayo."

"Mimi siwezi. Anayefuta ni yule aliyetoa. Hakimu Burdette ana kaunti tatu za kuzunguka, kwetu anakaa Alhamisi tu."

"Alhamisi saa ngapi?"

"Saa tatu."

Wakatazamana.

"Ya mbio," alisema Nadine, na kidogo acheke. "Nitakuweka mwisho wa orodha, ndiyo nafasi iliyobaki. Sasa nisikilize vizuri. Yule askari mwenye masharubu ameenda kula. Akirudi akakukuta hapa itabidi akukamate, na akiniuliza wewe ni nani itabidi nimwambie. Pita mlango wa nyuma."

Hivyo ndivyo Verlene Maggard, mwimbaji wa kwaya, alivyotoka mahakamani kwa kupitia uani, kati ya mapipa ya taka, pochi ameikumbatia. Danadana ya siku mbili ilikuwa imemfikisha kwenye mapipa. Delmar alipomwona anatokea huko alifungua mdomo atanie, akauona uso wake, akawasha gari.

Jumatano jioni walimruhusu kuzungumza na Callie kwa simu.

"Bibi, nimepewa saa!" Callie alisema. "Ya mkononi. Ya rangi ya waridi. Ninajua kuisoma mwenyewe."

"Muongo wewe!"

"Kweli! Sasa hivi mshale mrefu uko juu kabisa. Bibi, utakuja saa ngapi kesho?"

"Saa tano, mpenzi wangu. Ikifika saa tano utaniona mlangoni."

"Saa tano kamili?"

"Kamili. Bibi yako akisema kitu si anakifanya?"

"Haya," alisema Callie. "Nitaangalia."

Alhamisi walifika kabla milango haijafunguliwa. Verlene alikuwa amepiga hesabu mpaka kichwa kikamwuma. Ikiwa angetoka pale saa tano ya mbio, huko kwao ingekuwa saa nne. Mwendo wa saa moja, angefika saa tano ya polepole kamili. Ikizidi hapo, Callie ni wa Louisville. Aliketi benchi la mbele, magoti pamoja, risiti ya balbu mkononi. Saa kubwa ya ukutani ikagonga saa tatu.

Hakimu hakutokea.

Watu walikohoa. Mtoto wa mtu akalia, akatolewa nje. Yule askari mwenye masharubu alisimama kando ya bendera akitazama viatu vyake. Verlene alimwuliza Nadine kwa macho, Nadine akainua mabega. Mshale mrefu ukashuka, ukaanza kupanda, na Delmar akaanza kukoroma. Verlene alihisi maji yamemfika shingoni. Kila dakika iliyopita pale ukutani ilikuwa inakatwa kwake, si kwa mwingine yeyote mle ndani.

Saa nne hivi mlango wa nyuma ukafunguka, Hakimu Burdette akaingia akifunga joho lake, nywele bado zina maji. Wote wakasimama.

"Kaeni, kaeni. Mniwie radhi," alisema, anacheka. "Nyumba yangu iko kule ziwani, karibu na mstari. Usiku simu imenasa mnara wa ng'ambo ikajirudisha nyuma saa nzima. Nimeamka kwa saa ya polepole!"

Ukumbi ukacheka, kama watu wanavyocheka mkubwa akitania. Hata askari alicheka, masharubu yakacheza. Verlene peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama pamoja na wengine, na wengine walipoketi yeye hakuketi. Delmar alimvuta sketi.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi ni Verlene Maggard. Wewe leo umechelewa saa moja, na sote tumekungoja. Mimi mwezi wa Aprili nilichelewa saa hiyohiyo moja, kwa sababu hiyohiyo, na mimi nikaandikiwa kukamatwa."

Nadine aliinamia karatasi zake. Tabasamu la hakimu lilibaki mdomoni bila kazi, kisha likaondoka, na shingo ikamwiva.

"Jina lako limeitwa, mama?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Basi keti mpaka liitwe."

Aliketi. Ni kweli alichokisema kilikuwa haki tupu, na mimi ningekisema vilevile, lakini haki iliyosemwa kabla ya zamu yake haikumsogeza hata nafasi moja. Hakimu alichukua majalada polepole, moja moja. Mwenye mbwa aliyeuma tarishi. Mwenye leseni iliyokwisha. Mwanamume aliyevua samaki pasiporuhusiwa, aliyetaka kueleza ukubwa wa samaki. Verlene alitazama saa ya ukutani kwa chuki ambayo hakuwahi kumwonea binadamu.

"Ungenyamaza," Delmar alimnong'oneza. "Siku moja tu maishani, ungenyamaza."

"Wewe rudi usingizini."

Ikabaki robo saa kufika saa tano ndipo jina lake lilipoitwa. Alikwenda mbele, mdomo ameubana. Yule askari alisogea karibu yake, pingu zikilia kiunoni.

"Taa ya breki," alisema hakimu bila kumtazama. "Imetengenezwa?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Siku ileile. Risiti hii hapa."

"Kwa nini hukufika?"

Maneno yote aliyokuwa nayo yalimjaa kooni, la daraja, la kanisa, la zimeisha zote, la simu ya hakimu. Akamwona Callie na saa yake ya waridi. Akayameza.

"Nilichelewa, Mheshimiwa."

Hakimu aliinua macho mara moja. Labda alikuwa amejiandaa kwa vita. "Kosa la taa limeondolewa. Hati imefutwa," alisema, akasaini. "Usirudie tena, mama."

Usirudie tena! Verlene alijiuma ulimi mpaka akasikia ladha ya damu. "Sitarudia, Mheshimiwa," alisema.

Nadine alikuwa ameshika muhuri tayari. Aliupiga kwa kishindo, akampenyezea karatasi chini ya kioo. "Kompyuta itasoma kesho au keshokutwa," alisema haraka. "Usiitegemee. Onyesha hii. Kimbia, mama."

Walitoka saa kubwa ya ukutani ikigonga saa tano. Nje Verlene alimnyang'anya Delmar funguo, maana sasa alikuwa mwanamke huru, na kwa mwendo wa Delmar wangefika kesho. Kabla ya kuondoa gari alimpigia kelele, "Nenda nyuma uangalie taa za breki!"

"Zinawaka!"

"Zote mbili?"

"Zote, jambazi we! Endesha!"

Aliendesha ameushikilia usukani kana kwamba unataka kumtoroka. Alipita shamba la mahindi, na ghala lililoanguka, na trekta iliyombana kilomita nzima mpaka akaipigia honi, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mkulima yeyote. Wakavuka daraja, wakapita uwanja wa kanisa la Wabaptisti, na simu ya Delmar mfukoni ikajirudisha nyuma yenyewe. Saa aliyonyang'anywa Aprili ilikuwa imerudishwa. Aliondoka saa tano, akafika saa tano. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alicheka, peke yake, mbele ya ofisi ya ustawi wa jamii ya Teague, akihangaika kufungua mkanda.

Bi Prewitt alikuwa kwenye kaunta. Aliusoma muhuri, akausoma tena, akaweka karatasi kwenye faili. Wale watu wa Louisville walikuwa bado hawajafika.

"Umewahi kwelikweli, Bi Verlene," alisema. "Saa tano kamili. Mtoto yuko pale."

Callie alikuwa amesimama kwenye kona ya mlango wa ndani, koti limefungwa vifungo vyote, mfuko mweusi wa plastiki wenye nguo zake umeegemea mguu. Hakukimbia. Verlene alifungua mikono, na Callie hakuja.

"Umechelewa," alisema.

"Hapana, mpenzi wangu, nimefika kwa wakati, hata Bi Prewitt..."

Callie aliinua mkono. Ile saa ya rangi ya waridi, iliyotegwa kwa walezi wake upande wa Marrow, ilikuwa inaonyesha saa sita.

"Alivaa koti ilipofika saa tano yake," alisema Bi Prewitt kwa sauti ya chini. "Nilidhani anataka kwenda nje. Hajakubali kuketi tangu hapo. Saa nzima."

Verlene aliitazama ile saa ndogo. Alikuwa na maelezo. Wiki nzima alikuwa ameyabeba, ameyatolea kila dirisha na kila kaunta, na yalikuwa ya kweli: kuna mto, kuna mstari, kuna saa yako na saa yangu, na hakuna aliyeniuliza. Naye mwenyewe alikuwa amesema saa tano kwa simu, akakata, hakuuliza.

Akapiga magoti kwenye sakafu ya ofisi, pochi ikamponyoka.

"Nimechelewa," alisema. "Umesimama, umeniita, na mimi sikuwepo. Nisamehe, Callie."

Callie alimtazama usoni kwa muda, kisha akautazama mlango, kisha akamtazama tena. Akamsukumia ule mfuko mweusi aubebe.

"Usirudie tena, Bibi," alisema.

"Sitarudia," alisema Verlene.